Sumu Huingilia Mgongoni

Mjomba wangu alilima nyanya Ilula, mkoani Iringa, kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya kupiga dawa alikuwa na utaratibu wake usiobadilika. Alifunga kitambaa puani, akakunja suruali hadi magotini, akaacha viatu kwenye tuta visije vikaharibika, kisha akajitwika bomba la lita 16 mgongoni. Bomba lile lilivuja kwenye mfuniko tangu msimu uliotangulia. Alipofika bomba la tatu, shati lilikuwa limegandana na ngozi na unyevu umeshuka mpaka kiunoni. Akimaliza, alikunywa maziwa "kuosha kifua", akala ugali, akajilaza. Usiku kichwa kilimgonga, akatapika, akalowa jasho. Kesho yake zahanati walimwandikia dawa ya malaria. Wiki iliyofuata aliingia tena shambani na bomba lilelile.

Sisi watoto tulimwona mtu makini. Kitambaa kilikuwa puani, na sote tuliamini kwamba sumu huingia kwa pua na mdomo. Nilikuja kujua baadaye sana, tena kwa uchungu, kwamba alikuwa analinda dirisha huku mlango mkubwa wa nyumba uko wazi. Mlango huo ni ngozi. Kwa mtu anayepiga dawa kwa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya sumu inayomwingia mwilini hupita kwenye ngozi: mikono iliyopima dawa, miguu iliyopita kwenye majani mabichi, na mgongo uliolowa. Pua ina hatari yake, hasa unapofungua kopo au unapofanya kazi ndani ya kitalu kilichofunikwa, lakini shambani kwenye upepo wazi ngozi ndiyo inayobeba mzigo.

Neno lenyewe limetuponza. Tunasema "dawa", neno lilelile la panadol na la kikohozi, na akili inalegea. Wataalamu wanasema viuatilifu, neno ambalo dukani halina mwenyewe. Katika makala hii mara nyingi nitasema sumu, maana ndivyo ilivyo, hata pale inapofanya kazi nzuri ya kuokoa nyanya.

Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani Howard Maibach na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mpigaji dawa angepaswa kulisikia. Walipaka kiasi kidogo cha sumu ya wadudu kwenye sehemu mbalimbali za ngozi ya watu, kisha wakapima kiasi gani kimepenya mwilini. Paji la uso lilipitisha takriban mara 4 ya kilichopita kwenye mkono kati ya kiwiko na kiganja. Kwapa lilipitisha takriban mara 7. Ngozi ya korodani ilipitisha karibu mara 12, yaani karibu sumu yote iliyopakwa pale iliingia. Sasa fikiria bomba linalovuja. Maji yake yanakwenda wapi? Yanashuka uti wa mgongo, yanapita kwenye mkanda wa suruali, yanajikusanya kwenye kinena, pahali palepale ambapo ngozi haina uwezo wa kuzuia chochote. Fikiria pia mwanamume anayetua bomba, anakwenda haja ndogo kwenye mti, mikono haijanawa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda haja, si baada tu. Ushauri huu sijawahi kuuona kwenye bango lolote la pembejeo, na nauona una uzito kuliko nusu ya mabango hayo.

Basi kama fedha yako ya kujikinga ni kidogo, na najua ni kidogo, usianze na barakoa. Anza na bomba. Washa ya mfuniko na mpira wa bomba la mkononi ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na siku moja ya kulala kitandani. Kabla ya kila msimu jaza maji matupu, pampu, uone panapotoka maji pasipotakiwa. Badilisha. Usifunge kwa kitambaa wala nailoni, maana kitambaa kinanyonya sumu na kuirudisha kwenye kiganja kila unapokishika. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Ifungue, ioshe kwa maji, uizibue kwa unyasi laini. Nimeona wazee wenye busara nyingi wakiinyonya nozeli kama filimbi, na wanaifanya mbele ya vijana wanaojifunza kutoka kwao.

Kisha weka kitu kisichopitisha maji kati ya bomba na mgongo. Nailoni nzito, ile ya kutandika juu ya meza, ikifungwa shingoni na kiunoni ikaning'inia mpaka chini ya makalio, inafanya kazi ambayo koti la gharama lingefanya, na haikupiki kwa joto kama koti zima. Shati la mikono mirefu na suruali ndefu ya kitambaa kizito. Mabuti ya mpira, na suruali ianguke nje ya buti. Ukichomeka suruali ndani, kila tone linaloshuka linaingia kwenye buti na mguu unaoga sumu siku nzima. Glovu ziwe za mpira mzito. Za kitambaa na za ngozi zinalowa na kuhifadhi sumu. Na kile kitambaa cha puani, samahani, kikishalowa kinakuwa bandiko la sumu usoni, karibu na midomo. Kama huna barakoa ya kuchuja kemikali, heri upange upepo: piga asubuhi mapema au jioni, upepo ukutoke mgongoni au ubavuni upeleke ukungu wa dawa mbali nawe, na utembee ukiacha mistari uliyopiga nyuma yako, usipite katikati ya majani uliyoyalowesha sasa hivi. Saa za mchana jua linapowaka, jasho linafungua ngozi na upepo hauna mwelekeo. Hizo si saa za kupiga dawa.

Hata hivyo, dakika mbaya kuliko zote hazipo shambani. Zipo pale ndooni, unapopima. Kilichomo kwenye chupa hakijachanganywa na maji. Tone moja lake kwenye kiganja linaweza kuzidi kile utakachopata kwa kutembea mistari kadhaa. Ukiwa na jozi moja tu ya glovu, zivae hapo. Koroga kwa mti, si kwa mkono. Kunywa maji yako ya kutosha kabla hujafungua chupa, maana ukishaanza, chupa ya maji haishikiki tena mpaka unawe. Na maziwa? Maziwa ni chakula kizuri, watoto wapewe. Hayana uwezo wa kuifuata sumu iliyokwisha ingia kwenye damu kwa njia ya ngozi. Aliyekunywa maziwa anajiona salama, haogi, analala na shati lilelile. Hilo ndilo linaloniudhi katika imani hii: inachukua nafasi ya sabuni. Baada ya kazi oga mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha zikiwemo, kabla hujala wala hujampakata mtoto.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utaelewa pia kwa nini mwenzako aliyepiga dawa miaka mitano bila neno alianguka siku moja ya kawaida. Sumu nyingi za wadudu tunazotumia kwenye nyanya, vitunguu na kabichi ni za kundi la oganofosfeti. Majina yake mengi kwenye lebo huishia na "fos". Mwilini tuna kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, kazi yake ni kuzima ujumbe ambao neva imeutuma kwenye msuli au tezi. Neva inasema "kaza", msuli unakaza, kimeng'enya kinazima. Sumu hii inakikamata kimeng'enya. Ujumbe hauzimwi. Mate yanatiririka, machozi, jasho, tumbo linasokota na kuhara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza yenyewe, kifua kinajaa ute na pumzi inakuwa nzito.

Hayo ni ya siku ya ajali. Ya siku za kawaida ni ya kimya zaidi. Mwili hutengeneza upya kimeng'enya hicho kwenye chembe nyekundu za damu kwa takriban asilimia 1 tu kwa siku. Mkulima wa nyanya anapiga kila wiki, na mvua ikizidi anapiga mara mbili. Kila safari anakopa kabla hajalipa deni la safari iliyopita. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mbaya, mikono inatetemeka, hasira za karibu, usahaulifu. Anasema ni uchovu. Kisha siku moja, kwa kiasi kidogo kuliko alichowahi kukizoea, anaanguka kati ya mistari. Kwa hiyo kuzoea sumu hakupo. Kuna kuishiwa tu. Anayejisikia hivyo katikati ya msimu anapaswa kuacha kugusa bomba kwa wiki kadhaa, si kupumzika siku mbili, na kazi hiyo aifanye mtu mwingine mzima ambaye hajachoka. Asiwe kijana wa shule. Aliye chini ya miaka 18 asishike bomba kabisa, hata kama nyumba nzima haina mtu.

Turudi zahanati. Kichwa, kutapika, kulegea: ukifika na dalili hizo katika nchi yetu utafikiriwa malaria kwanza, na mhudumu hana kosa kama hukumwambia. Mwambie. "Jana nilipiga dawa, jina lake ni hili." Nenda na lebo au piga picha ya lebo kwa simu. Omba kipimo cha malaria, na majibu yakionyesha hakuna vimelea usikubali kuondoka na dawa ya malaria mkononi. Kwa sumu za kundi nililolieleza ipo tiba ya zamani na isiyo ya gharama kubwa, atropini, ambayo mtaalamu huendelea kuichoma mpaka kifua kikauke. Kuna jambo la kuangalia hapa. Mgonjwa anaweza kuonekana amepona, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne shingo ikakosa nguvu ya kuinua kichwa na misuli ya kupumua ikalegea. Aliyezidiwa asirudishwe nyumbani jioni ileile kwa sababu tu ameongea.

Kabla ya kufika huko, anayemhudumia avae glovu au mifuko ya nailoni mikononi, amvue mgonjwa nguo zote, amwoshe kwa sabuni na maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Asitapishwe, asipewe maziwa, mafuta wala mkaa wa kienyeji. Alazwe ubavu, kichwa kisizibe pumzi, apelekwe. Aibu ya kumvua mtu mzima nguo mbele ya watu imewachelewesha wengi. Mfunike kanga safi, lakini nguo zenye sumu zitoke.

Na sasa niseme juu ya watu ambao semina za kupiga dawa hazijawahi kuwaalika. Kwenye vinyungu, bustani zetu za mabondeni, mwanamume anapiga dawa asubuhi, na saa nne wanawake wanaingia kufunga nyanya kwenye miti na kupunguza machipukizi. Majani bado mabichi kwa dawa. Mikono mitupu, kanga iliyolowa kiunoni, mtoto mgongoni. Hawajashika bomba, kwa hiyo hakuna anayewahesabu kuwa wameguswa na sumu. Jioni mwanamke huyohuyo anafua shati la mpigaji dawa kwa mikono, ndani ya beseni moja na nepi. Lebo inataja muda wa kungoja kabla ya kurudi shambani. Usipouona, au kama dawa ulipimiwa bila lebo, ngoja angalau mpaka kesho yake, na majani yawe yamekauka. Nguo za dawa zifuliwe peke yake, avae glovu anayefua, beseni lisuuzwe, na afadhali aliyezivaa azifue mwenyewe. Mjamzito na anayenyonyesha asipige, asipime, asifue. Sababu si hofu tupu. Klopairifosi, sumu iliyotumika sana kwenye mboga na kwa mchwa, imehusishwa na watoto kuzaliwa na ubongo usiokua ipasavyo, na hilo lilichangia Umoja wa Ulaya kuiondoa sokoni mwaka 2020. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, zikiacha matumizi machache ya mpito.

Dukani, angalia mstari wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali mno, kisha ukali unapungua kwa wa njano na wa bluu, na wa kijani ina hatari ndogo ukifuata maelekezo. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa viuatilifu, zinazosimamiwa na FAO na Shirika la Afya Duniani, zinasema kwamba sumu inayohitaji mavazi ya kinga yasiyovalika kwa raha, ya gharama au yasiyopatikana kirahisi inapaswa kuepukwa, hasa na wakulima wadogo wa nchi za joto. Soma tena sentensi hiyo. Miaka yote tumelaumiwa kwamba hatuvai mavazi, wakati kanuni zenyewe zinaanzia kwingine: kwa jua letu, sumu inayodai mavazi hayo haikupaswa kuwa mikononi mwetu. Mwenye duka akikupa ya njano, uliza kama ipo ya bluu au kijani kwa mdudu huyohuyo. Mara nyingi ipo. Ila rangi inapima ukali wa siku ile tu. Mankozebu, dawa ya ukungu tunayoimwaga bila hesabu, ina mstari wa upole, lakini kwa miaka mingi mabaki yake mwilini yanaweza kusumbua tezi ya koo. Kwa hiyo rangi ya kijani haikupi ruhusa ya kupiga kifua wazi.

Nunua kopo lililofungwa, lenye namba ya usajili. Tanzania kazi ya usajili iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao yake Ngaramtoni, Arusha. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiichukue hata kwa nusu ya bei. Chupa hiyo haina jina la sumu, mhudumu wa zahanati hatajua akutibu nini, na siku moja mtoto ataiona kwenye kona akiwa na kiu. Parakwati, ya kuua magugu, imewaua watu kwa funda moja, na haina tiba ya kuipinga. Kopo likiisha suuza mara 3, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba, kisha litoboe. Halitawekwa tena chumvi, mafuta ya taa wala maziwa.

Wengi huweka sumu chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Naielewa hofu hiyo, maana kopo moja ni fedha ya wiki. Lakini mvuke unalala na wewe. Tengeneza sanduku la mbao lenye kufuli, nje ya vyumba vya kulala, juu ya kimo cha mtoto. Na nunua ya kutosha msimu, isibaki. Nchini Sri Lanka, kadiri sumu zilizo kali zaidi zilivyopigwa marufuku, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Watu hawakuacha kuhuzunika. Kilichopungua ni sumu ya kuua iliyokuwa karibu nao saa ile ngumu. Nyumba ikiwa na mtu aliyekata tamaa, sumu yote itoke leo, ikatunzwe kwa jirani, na mtu huyo asiachwe peke yake mpaka afike kwa mhudumu wa afya.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kupiga mara chache. Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, alipoingia nchini mwaka 2014, wengi tulijibu kwa kuchanganya dawa tatu au nne kwenye bomba moja, mbili kati yake zikiwa kitu kilekile chenye majina tofauti ya biashara. Soma jina la sumu yenyewe, lile dogo chini ya jina kubwa. Mdudu huyu anajichimbia ndani ya jani na tunda, na akipigwa na kundi moja la sumu kila wiki anakuwa sugu. Mitego ya harufu ya jike inakusanya madume na kukuonyesha kama wapo wa kutosha kupigwa dawa. Matunda na majani yaliyotobolewa yaokotwe na kufukiwa, yasitupwe pembeni mwa shamba. Baada ya nyanya panda mahindi, maharage au vitunguu, si biringanya wala viazi mviringo, ambavyo ni ndugu zake na vinamlisha. Bwana shamba au bibi shamba wa kata atakusaidia kutambua ugonjwa kabla hujanunua. Ukungu haufi kwa sumu ya wadudu, na mkulima anayekosea hapo anaugua bure.

Mjomba sasa halimi nyanya. Mikono yake inatetemeka hata kushika kikombe, na hakuna daktari anayeweza kuniambia kwa hakika ni sumu kiasi gani na ni uzee kiasi gani. Bomba lake analo binamu yangu. Mwaka jana nilipokwenda tulilitia maji matupu, akalibeba, akazunguka nalo shamba akipampu kama anapiga kweli. Kisha nikamgusa mgongo kwa kiganja. Shati lilikuwa limelowa kuanzia mabegani hadi kwenye mkanda. Tulikaa kwenye tuta tukafungua mfuniko, tukakuta washa imepasuka kama mdomo wa mtu mwenye homa. Fanya hivyo na lako kabla ya msimu huu, na umwombe mtu mwingine akuguse mgongo, maana wewe mwenyewe utadhani ni jasho.